Shemeji Kalombo na Gundi ya Mgiriki

Watu wa Kolwezi wanaomkumbuka Kalombo wanasema alikuwa fundi saa. Wananiudhi. Saa alizitengeneza kwa sababu tumbo halingoji, lakini mtu yule alikuwa sonara, mfua dhahabu, na maisha yake yote alitafuta kitu kimoja tu. Nitasimulia mimi, Agnès, shemeji yake. Dada yangu Laurentine, mkewe, yuko mbali, na hata angekuwa karibu angeanza kucheka kabla ya kufika katikati.

Kalombo alizaliwa hapahapa Kolwezi. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, akazeeka hapa, akazikwa hapa. Kalombo mwenyewe alikuwa mfupi, nyusi zimeungua kwa moto wa kazi, na mbishi kupita kiasi. Alibishana na redio. Ukimwambia mvua inakuja, atatoka nje akaitazame kwanza, halafu atarudi amelowa akisema ni manyunyu tu. Nilimtania kila siku, naye alinitania, kama inavyofaa kwa mashemeji.

Kazi alijifunza katika duka la Mgiriki mmoja aliyeitwa Sotiri. Alianza kwa kufagia, akaishia kushika koleo. Sotiri alikuwa na hereni moja ya mama yake, yenye umbo la mwezi mwandamo, na juu yake zimepangwa punje za dhahabu ndogo kuliko ulezi. Alisema zamani sana, kabla ya Yesu, masonara wa kwao walitengeneza mapambo ya namna ile, na hereni ya mama yake iliokotwa shambani, kaburini labda. Kalombo aliiangalia kwa kioo cha kukuzia mpaka jicho likamtoa machozi. Kila punje ilikuwa imesimama peke yake, imegusa chini kwa nukta tu. Hakikuonekana chochote kilichoishika.

Hapo nieleze kidogo. Sonara wa kawaida huunganisha dhahabu kwa lehemu, yaani dhahabu iliyochanganywa na madini mengine ili iyeyuke mapema. Lehemu ikiyeyuka inatambaa. Kwa pete haina neno. Kwa punje ndogo kama zile ni balaa, inazifunika zote na kuzizamisha kama ulezi ndani ya uji. Sotiri alijaribu kwa miaka, akazamisha punje, akatukana kwa Kigiriki, akarudi kwenye saa zake.

Mwaka 1974 maduka ya wageni yalikabidhiwa kwa wananchi, na Sotiri naye akaambiwa afungashe. Aliyepewa duka lake aliuza saa, akauza mizani, mwishoni akauza hata rafu. Siku ya kuondoka Sotiri alimwekea Kalombo ile hereni mkononi ili aitazame mara ya mwisho. Kalombo akamuuliza, "Patron, wazee benu balishika hizi punje na nini?"

Mgiriki akajibu neno moja la kwao, akalifasiri: gundi ya dhahabu. Akasema wazee walikuwa nayo, ikapotea, na yeye hajawahi kuiona. Halafu dereva akapiga honi. Sotiri akachukua hereni yake, akaingia ndani ya gari, na hatukumwona tena.

Neno lile Kalombo alilisikia hivi: *risokole*. Sasa, kwetu kole ni gundi. Fundi viatu ana kole, mwanafunzi ana kole. Basi Kalombo akaamini kwamba Wagiriki wa zamani walikuwa na aina ya kole, na kwamba akiipata, punje zitashika. Hapo ndipo alipopotea njia, na alipotea kwa bidii.

Mwaka uleule alikuja kumposa Laurentine. Baba yetu, mtu wa kaskazini ya Katanga aliyefanya kazi ya kuchambua mawe mgodini, alimuuliza ataleta nini. Kalombo akataja vitu vya kawaida, mbuzi, vitenge, na kadhalika, kisha akainua kidevu: "Na hereni za punje, papa. Sawa zile za Bagreki. Mi mwenyewe nitazitengeneza." Baba alicheka, akakubali. Kaka yetu mkubwa, Mukalay, hakucheka. Aliiweka ahadi ile kichwani, na tangu siku hiyo kila sikukuu alimuuliza dada mbele ya watu, "Laurentine, masikio yako inasema je?"

Masikio yake yalikuwa matupu. Lakini si kwa uvivu wa mume. Punje zenyewe Kalombo alizipata mapema, kwa akili yake. Alikata uzi wa dhahabu vipande vidogo kama vumbi la sabuni, akavitandaza ndani ya chungu kidogo cha udongo, tabaka la unga wa makala, yaani makaa, tabaka la dhahabu, tena makala, akakitia motoni. Kila kipande kikajikunja chenyewe kikawa mpira. Aliposafisha makala na kunionyesha kiganja chake, kilikuwa kimejaa punje za mviringo kamili, zinameta. Siku hiyo sikumtania. Nilimshika mkono nikamwambia ahsante, na sijui nilikuwa namshukuru kwa nini.

Tatizo lilikuwa kuzishika. Alijaribu kole ya fundi viatu, ikanuka mpaka majirani wakalalamika. Alijaribu utomvu wa miti aliouagiza Mutshatsha, maziwa ya papai, ute wa yai, na gundi aliyoichemsha kutokana na mifupa ya samaki wa ziwa Nzilo. Iliyomfaa zaidi ilikuwa maji mazito ya bukari, ugali wetu, yale yanayobaki chunguni. Yalizishika punje vizuri kabisa mpaka moto ufike. Moto ukifika bukari inaungua, na punje zinaanguka majivuni. Anaziokota, anaanza upya, dhahabu ileile.

Na neno lenyewe hakumwambia mtu. Siri ya kazi, alisema. Laurentine alijua tu kwamba mumewe anatafuta "ile kitu ya Mugreki". Mke anayepika bukari hiyo, anayeokota punje pamoja naye kwa ncha ya kidole kilicholowa mate, hakuambiwa neno! Nikifikiria hilo hasira inanipanda hata leo, na hapohapo nacheka.

Mungu hakuwapa watoto. Walikaa wawili, wakabishana, wakapendana. Ndivyo miaka ilivyopita.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mambo yakaharibika. Mgodi ulizama, mishahara ikakatika, maduka yakafunga, na hakuna aliyekuwa na saa ya kutengeneza wala sababu ya kujua ni saa ngapi. Watu wenye njaa wakatafutiwa wa kulaumu, wakaonyeshwa jirani zao wenye asili ya Kasai. Vijana wakapita mitaani wakiwaita *bilulu*, wadudu, wakiwaambia warudi kwao. Kwao wapi? Kalombo hakuwahi kuiona Kasai hata kwa picha. Walivunja mlango wa nyumba yake, wakachukua redio aliyokuwa akibishana nayo. Niseme wazi: nilikuwa na hasira wakati ule, na bado ninayo, na waliofanya hivyo nawajua kwa majina.

Kalombo na Laurentine walikimbilia stesheni, kama maelfu ya wengine, kungoja treni ya kwenda Kasai. Walikuwa na turubai, sufuria, mbabula, yaani jiko la makala, na mkebe wa vyombo vya Kalombo. Kipande chake cha dhahabu, pamoja na hereni mbili zilizokwisha kupata umbo bila punje, vilishonwa ndani ya ukosi wa shati. Treni haikuja. Mvua ilikuja, kuhara kukaja, na kila asubuhi watu walibeba maiti ya mtoto wa mtu. Mimi nilipeleka chakula nilichoweza.

Laurentine hakufukuzwa na mtu. Yeye ni wetu, jina lake la kwetu. Mukalay alifika kila siku kumwambia hivyo, akisimama nje ya turubai bila kumsalimu Kalombo.

"Laurentine, rudi ku nyumba. We hauko mutu ya Kasai. Hakuna mwenye atakugusa."

"Nimekusikia, yaya," alimjibu, kama tunavyomwita kaka mkubwa. "Umekula?"

"Sikuuliza chakula! Hauna hata mutoto kule. Unafuata nini?"

Mukalay alipokwisha kwenda, Kalombo ndiye aliyemgeukia mkewe, nami nilikuwepo, nimekaa juu ya ndoo. Uso wake ulikuwa umekonda, macho yakabaki makubwa.

"Yaya Mukalay anasema kweli," alisema. "Bakia na benu. Mi siwezi kukukokota mu mateso yenye haiko yako. Lakini sitapanda treni mbele ya kukupatia hereni. Nilisema mbele ya papa yako. Nitakuacha nazo, halafu nitaenda."

Laurentine alikuwa akikata sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa, ila kisu kikaanza kwenda haraka zaidi. Nami nikaelewa jambo lililonichoma moyo: shemeji yangu alikuwa ameamua kumaliza hereni zile ili aweze kumuaga dada yangu. Akishindwa, ataondoka na aibu. Akiweza, ataondoka peke yake. Sikujua nimwombee lipi.

Akaanza kazi palepale. Laurentine alitandaza vitenge mlangoni mwa turubai kana kwamba anavianika, ili wapitao wasione dhahabu. Kalombo alichuchumaa mbele ya mbabula na mrija wake wa kupulizia, mashavu yamevimba, akipuliza ulimi wa moto juu ya hereni. Punje zikashikwa na maji ya bukari, zikangoja, zikaanguka. Akazichekecha kutoka majivuni. Zikaanguka tena. Siku iliyofuata vilevile. Watu wa jirani walidhani anachoma dawa.

Asubuhi moja punje zilianguka zote kwa pamoja, na mtu yule ambaye sikuwahi kumsikia akilalamika alirusha koleo chini.

"Risokole!" alipiga kelele. "Risokole, risokole! Mugreki aliniachia upuuzi! Maisha mzima mi natafuta risokole!"

Laurentine aliinua kichwa. "Unasema nini?"

"Hapana kitu. Mambo ya kazi."

"Kalombo, rudia ile neno."

Nilimwona akiwa bado anataka kulificha, hata pale, kwenye tope la stesheni. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Risokole. Kole ya zahabu ya Bagreki."

Dada yangu aliweka kisu chini. "Krizokole?"

"Krizo nini?"

"Krizokole. Majiwe ya papa! Agnès, si ni ile yenye tulikuwa tunaponda, tunapakaa batoto betu ba bigunzi?"

Nami nikaruka kutoka kwenye ndoo. Bila shaka ni hiyo! Baba alikuwa akituletea mawe yale kutoka kwenye kuchambua, ya rangi ya kijani na buluu. Wazungu wa mgodi waliyaita krizokole, naye akayaita vivyo hivyo. Tuliyaponda, tukawapaka rangi wanasesere wetu wa bigunzi vya mahindi. Kila mtoto wa mchambuzi wa mawe alilijua neno lile.

"Haiko kole?" aliuliza Kalombo.

"Haiko kole. Iko jiwe. Iko shaba."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu nazaliwa! Haukuniuliza!"

Kalombo alikaa chini kwenye tope. Kisha akaanza kucheka, Laurentine akacheka, na walicheka mpaka mama mmoja wa turubai la pili akaja kuuliza kama tumeletewa treni. Alipomaliza kucheka Kalombo alifuta macho kwa kiganja, na sidhani machozi yote yalikuwa ya kicheko.

"Shemeji," aliniambia, "niletee ile jiwe."

Nilijua pa kulipata. Nyumbani kwa baba, ambako Mukalay alikuwa akiishi na sisi sote, kulikuwa na jiwe moja kubwa la aina ile, limewekwa sakafuni kuzuia mlango wa mbele usijifunge kwa upepo. Lilikaa pale tangu tukiwa wadogo, tumelikanyaga, tumejikwaa nalo, tumelitukana. Nikalibeba ndani ya kikapu, chini ya majani ya mboga. Nyuma yangu mlango ukajibamiza.

Tulivunja kona yake na kuiponda ndani ya kinu cha pilipili. Mara ya kwanza Kalombo alichukua sehemu ya buluu, akachanganya na maji ya bukari, akabandika punje chache. Baadhi zilishika, lakini zilibaki na uchafu kama kioo. Hakuvunjika moyo hata kidogo. Alikuwa ameinamia lile jiwe akilisoma kwa kidole.

"Humu muko mawe mbili," alisema. "Hii ya kijani nzito, tuiponde peke yake."

Alisaga ile ya kijani mpaka ikawa laini kama poda ya mtoto. Akapanga punje moja moja kwa unyoya wa kuku, mstari mmoja kuzunguka ukingo wa mwezi. Akapuliza. Kijani kikawa cheusi. Bukari ikaungua ikawa makala, na weusi ukaendelea kukaa. Akapuliza zaidi, polepole, bila kupumzika. Mara weusi ukatoweka, na chini ya punje pakapita mng'aro mmoja mfupi, kama mtu aliyekonyeza jicho. Kalombo akaondoa moto hapohapo.

Hereni ilipopoa aliikwangua kwa ukucha. Hakuna punje iliyoanguka. Akaigonga juu ya bati. Hakuna. Alimpa Laurentine, naye akaitazama, kila punje imesimama peke yake, haijazama. Alimshika mumewe shingoni kwa nyuma na kuutikisa mwili wake kidogo, kama unavyomtikisa mtoto aliyepona homa.

Kalombo alinieleza baadaye kwamba shaba ya jiwe inatoka ndani ya moto na kuingia ndani ya dhahabu, pale tu inapoguswa na punje, na ikishaingia hakuna awezaye kuitoa. Nilimwambia basi shaba ya Kolwezi ina akili kuliko watu wa Kolwezi. Alibisha hata hilo. Alisema watu hawana makosa ya kudumu.

Alimaliza hereni ya kwanza. Alikuwa ndio kwanza amepanga punje za hereni ya pili wakati kelele zilipolipuka stesheni nzima. Treni imefika.

Ilikuwa mabehewa ya mizigo, na watu waliyarukia kabla hayajasimama. Kalombo alizima mbabula, akakusanya vyombo vyake. Kisha alisimama mbele ya Laurentine na ile hereni moja kiganjani.

"Iko moja tu," alisema. "Unisamehe. Bakia nayo."

Laurentine aliichukua, akaitia kwenye sikio lake la kulia. Ilimpendeza vibaya sana, pale katikati ya tope.

"Uliahidia masikio ngapi?"

"Mbili."

"Basi."

Akajifunga kitenge vizuri kiunoni. Wakati huohuo Mukalay alikuwa amefika, anapasua umati kwa mabega, amekuja kumchukua dada yake. Laurentine akamnyooshea kikapu kilichokuwa kimefunikwa kwa kitambaa.

"Yaya, nibebee hii."

Mukalay akakipokea, uso ukamfunguka kwa furaha, akageuka kuelekea mjini.

"Hapana kule," alisema Laurentine. "Ku treni."

Kaka yangu alisimama. Uzito wa kikapu ulikuwa ukimvuta mkono. "Humu muko nini? Majiwe?"

"Njo," alikubali.

Akafunua kitambaa. Akaliangalia. "Hii si jiwe ya mulango ya papa?"

"Njo yenyewe."

"Juu ya nini unaibeba?"

"Kule Kasai haiko. Na sikio yangu ya pili inaingoja."

"Na mulango? Itakuwa inajifunga."

"Basi mutakuwa munafungula na mukono."

Nilidhani atalitupa lile jiwe. Nilimwona akilifikiria. Dada yangu alikwisha panda, Kalombo akamvuta kwa mikono miwili, na hajawahi mtu kumtazama mke wake kama alivyomtazama yeye wakati ule. Behewa lilianza kusogea. Mukalay akakimbia kando yake na kikapu kifuani, akakiinua juu mpaka mikono ya Kalombo ikakipokea.

"Shemeji," alisema, neno ambalo hakuwahi kumwita miaka yote ile, "chunga ile jiwe."

Kalombo akataka kujibu, labda kubisha, lakini watu wakawa wengi kati yetu.

Miaka michache baadaye Rachida, binti wa msafirishaji mmoja wa mtaani kwetu, alipita Mwene-Ditu, huko Kasai, na bidhaa zake. Aliniambia alimwona Laurentine akitoka kanisani na hereni mbili za punje, na nyuma yake mwanamume mfupi akimbishia padri. Nikamfanya Rachida arudie habari hiyo tangu mwanzo.

Siku ile ya treni mimi na Mukalay tulirudi nyumbani kwa miguu. Mlango wa baba ulikuwa umejifunga kwa upepo. Nilitafuta kwa macho tofali au kitu cha kuuzuia, Mukalay akaniambia niache. Akaufungua kwa mkono, akausimamia mpaka nikapita, na hadi leo hajamruhusu mtu aweke jiwe jingine pale.